Mkono Wangu Mahali pa Mkono wa Mlinzi

Chumba Na. 4,
Nyumba za Wafanyakazi,
Hospitali ya Rufaa,
S.L.P. 316.

Jumatano, 11 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepoa tangu walipokubadilishia kiti cha greda, na kwamba vumbi la huko halikusumbui kifua kama mwaka jana. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu; goti lake linamruhusu kufika mlangoni na kurudi, na ulimi wake, kama unavyoujua, haujapata kuugua hata siku moja. Mimi mwili wangu ni mzima.

Dereva wa lori la mahitaji anaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ameniapia kwamba barua hii ataiweka mkononi mwako mwenyewe, haitapita ofisini kwa msimamizi wenu. Nakuomba kitu kimoja kabla sijaanza: isome mpaka mwisho. Najua tabia yako ya kusoma nusu barua, ukaikunja, ukasema umeshaelewa.

Kwanza la mtoto, maana najua macho yako yanalitafuta. Chiriku yu hai. Leo ni siku yake ya kumi na nne wodini. Vipele vya mgongoni vimeanza kukauka, dawa inaingia kwa dripu mara tatu kwa siku, na tangu Jumapili wamempunguzia oksijeni. Jana alimwambia nesi kwamba bomba la puani linamfanya aonekane kama tembo mwenye mikonga miwili. Lakini sikufichi: siku tatu za mwanzo walikuwa wakimhesabia pumzi kila robo saa, na mimi nilikuwa nasimama nje ya kioo nikihesabu pamoja nao.

Jumapili ya tarehe mosi ulipanda kilimani kutafuta mtandao ukamtumia mkeo ujumbe. Amenionyesha. Uliandika: "Tetekuwanga kila mtoto anaugua. Karatasi ya maabara imesema mzima. Acha kutia chumvi." Tangu siku hiyo simu yako haipatikani, na yeye hakukujibu.

Sikulaumu kwa ujumbe ule. Ulikuwa unaiamini karatasi yenye muhuri. Kaka, karatasi ile haikusema kweli, na sababu ni mimi.

Utanivumilia nikupangie mambo kwa tarehe. Tangu utotoni unaniita Karani kwa sababu ya madaftari yangu, ukiniuliza nani atakuja kusoma siku gani tulikula nini. Mara hii daftari limesomwa.

Unajua nafanya kazi kwa Daktari, yule mama mrefu uliyemwona siku ile ulipokuja kunichukua. Sijawahi kukueleza vizuri anachokitafuta, kwa hiyo nikueleze sasa, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Miaka kumi na tisa anachunguza aina moja tu ya seli za damu. Wenyewe tunaziita seli za kuua. Zinazaliwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, zikiwa changa hazijui lolote, zinapita hatua kwa hatua mpaka zinakomaa, kisha zinaingia kwenye damu na kuzunguka mwilini zikikagua seli nyingine. Kila seli nzima hubeba alama yake kama mtu anavyobeba kitambulisho. Seli iliyoingiliwa na virusi, au iliyogeuka saratani, mara nyingi huificha alama ile. Hizi zikikutana na asiye na kitambulisho, zinamtoboa anakufa hapo hapo. Hazihitaji kufundishwa adui ni nani. Mlinzi wetu wa getini aliposikia maelezo hayo alisema, "Kumbe ni kazi yangu hiyo. Tofauti ni kwamba mimi sijaua mtu, nawarudisha tu nyumbani."

Yapo mambo mawili yanayoweza kuharibika. Seli zisikomae, au zikomae na zisiweze kuua. Kwa vyovyote vile, mtoto wa namna hiyo vijidudu vya kawaida anaweza kuvimudu, ila virusi vya kundi la tetekuwanga vinamwelemea. Ndiyo maana mkeo alikuwa akisema kila mwaka kwamba homa za Chiriku si za watoto wengine, na vidonda vya mdomoni mwake si vya watoto wengine. Mimi ndiye niliyemwambia amlete kwa Daktari apimwe. Hilo lilikuwa wazo langu jema. La pili halikuwa jema.

Kipimo chenyewe ni hivi. Tunazo seli za saratani tunazozifuga ndani ya chupa. Kuzibadilishia chakula ni kazi yangu, kila siku ya pili, sikukuu au si sikukuu. Tunazichanganya na seli za mgonjwa kwa saa nne, kisha mashine inatuambia katika kila mia zimekufa ngapi. Lakini mashine ina siku zake, na seli nazo zina siku zake. Kwa hiyo kila mgonjwa hupimwa sambamba na mtu mwenye afya, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Kichupa cha huyo mwenye afya hakiandikwi jina. Kinaandikwa herufi K, yaani kawaida, na tarehe basi.

Kwa miaka sita K wetu amekuwa mlinzi. Ana mishipa kama kamba za kuanikia nguo, hana maradhi, na yupo getini kila asubuhi. Anajisifu kwa wapitao: "Nitazameni vizuri, mimi ndiye mtu mzima wa hospitali hii. Wengine wote mnalinganishwa na mimi." Tulizoea hivyo kiasi kwamba hakuna aliyeuliza tena K ni nani. K ni mlinzi, kama vile ukuta ni ukuta.

Jumanne ya tarehe 29 Aprili Chiriku alitolewa damu. Walimchoma mara tatu ndipo ikapatikana. Hakulia. Aliniuliza, "Shangazi, damu yangu inajificha kwa sababu inawaogopa, au ndiyo imekwisha?" Mara ya tatu aliuma kola ya gauni lake mpaka ikalowa.

Niliporudi maabara na kile kichupa, nikamkuta mlinzi ana mafua, macho mekundu, anapiga chafya kwenye kitambaa. Mwenye mafua haruhusiwi, kwa sababu seli zake zinakuwa zimekwisha kuamshwa, haziwi kipimo cha mtu. Daktari alikuwa kwenye kikao jengo jingine. Damu ya mtoto haingojei. Ikilala, imeharibika, na kesho yake achomwe tena. Ningeweza kwenda kantini kumwomba mpishi. Ningeweza kumpigia simu Daktari. Nilikunja mkono wa koti, nikamwomba dada wa mapokezi anifunge mpira, nikajitoa mwenyewe. Nikaandika K.

Sheria imebandikwa juu ya sinki ninapooshea vyombo: mtu mzima, mwenye afya, asiye na undugu na mgonjwa. Nimeitazama miaka kumi na moja. Siku ile niliitazama pia, huku nimebana pamba mkononi, nikajiambia kwamba hiyo ni kwa baba na mama. Shangazi ni mbali. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilikuwa bado naiona kola iliyolowa.

Majibu: katika mia, seli za K ziliua kumi na tano. Za Chiriku ziliua nane. Nane kwa kumi na tano ni zaidi ya nusu, na mpaka wetu ni nusu. Kumi na tano yenyewe ilikuwa ndogo kwa mlinzi, lakini siku tano kabla fundi alikuwa amebadilisha taa ya leza ya mashine, na Daktari akasema namba zote zitakuwa zimeshuka mpaka tuizoee. Akasaini. Ijumaa tarehe 2 Mei karatasi ikatoka: ndani ya kiwango. Mimi niliikimbiza nyumbani kwa mkeo kwa miguu, viatu mkononi, kwa furaha.

Jumapili ukapiga simu. Nakumbuka maneno yako kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika na Mama alikuwapo. Ulisema mtoto arudi shule, akae na wenzake, aache kufungiwa ndani kama yai. Mkeo akasema, "Mimi bado sijaridhika." Ukamwambia, "Wewe hukuumbwa kuridhika." Halafu ukasema kwetu hakuna ugonjwa wa namna hiyo, kama upo autafute kwao. Mama aliinua macho akamtazama mkwe wake, kisha akayashusha. Mkeo alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuuchambua. Na mimi nilikuwapo. Nilikuwa na karatasi mapajani.

Tarehe 12 Mei Chiriku akarudi shule. Wiki hiyo watoto wawili wa darasa lake wakapata tetekuwanga. Tarehe 27 vipele vikamtoka yeye. Tarehe 29 midomo ikawa ya buluu, mkeo akambeba mgongoni, na tumbo lile la miezi mitano, mpaka mlango wa dharura. Virusi vilikuwa vimeingia mapafuni.

Hapo ndipo Daktari alipoanza kutafuta. Alisema, "Karatasi yangu na mtoto huyu hawasemi kitu kimoja, na mtoto hawezi kukosea." Akakagua mashine. Akakagua dawa za rangi, akatupa chupa mbili nzima. Akazikagua seli za saratani, akaniuliza nilizilisha lini na nini, nikamjibu kwa tarehe. Alikagua kila kitu kasoro K, kwa sababu K ni mlinzi.

Jumatano tarehe 4 Juni akaniambia, "Wewe mwenye daftari, hebu niangalizie taa ilibadilishwa siku gani hasa." Nikatoa daftari kwenye mkoba nikafungua Aprili. Taa: tarehe 24. Jicho langu likashuka mistari michache. Nakunakilia kama ilivyo: "29. Mlinzi mafua. K nimetoa mimi. Chiriku kachomwa mara tatu. Nyumbani sukari imekwisha."

Nikalifunga. Nikasema, "Tarehe 24, Daktari." Akasema asante.

Kaka, hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza naweza kusema ilikuwa haraka na huruma. Hii ilikuwa woga. Nilijua kuanzia dakika ile, na nilinyamaza Jumatano mchana, nikanyamaza Alhamisi yote. Nilifikiria kazi, nyumba hii ya wafanyakazi anayoishi Mama, uso wa mkeo. Na wakati huo wodini daktari wa zamu alikuwa anasitasita kumzidishia Chiriku dawa kali, dawa inayochosha figo, kwa kuwa faili lilisema kinga yake iko sawa. Faili lilikuwa linasema kwa sauti yangu.

Alhamisi jioni nilikwenda kumwona. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi, na amelala tu. Mkeo alikuwa anampepea kwa jalada la daftari lake la shule. Akaniuliza bila kunitazama, "Wifi, kweli ni mimi ninayetia chumvi?" Nilimwambia nakwenda kumletea maji ya kunywa. Nilimletea, nikaondoka.

Ijumaa tarehe 6 nilifika maabara kabla ya wote. Daktari alipoingia hata mkoba hakuwa ameuweka.

"Daktari, K ya tarehe 29 haikuwa ya mlinzi."

"Ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Na mtoto huyu ni nani wako?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Kaka wa namna gani? Tumbo moja?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Umejua lini?"

"Juzi. Nilipotafuta tarehe ya taa."

"Juzi," akarudia, kama anayeonja kitu kilichochacha. Hakunifokea. Ningeona nafuu angefoka. Alipiga simu wodini, akasema ile karatasi yangu ya Mei ichukulieni kama haipo, mzidishieni dawa sasa hivi, natia saini mimi. Kisha akanigeukia. "Kunja mkono wa koti. Halafu kamwite mlinzi. Tukimaliza kuhesabu ndipo nitapata nafasi ya kukukasirikia."

Mlinzi alikuja na kofia yake, akaona pamba mkononi mwangu. "Leo mmeniletea mpinzani?" Nikamweleza, maana nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na sikutaka kuikatisha. Utani ukamwisha. Alinyoosha mkono, akatazama ukutani, akasema, "Kwa hiyo ni mafua yangu." Nikamwambia hapana, mafua hayana mkono wa kuandika K. Hakucheka. Damu ya Chiriku ikaletwa kutoka wodini, zote tatu zikaingia pamoja.

Saa nne. Sijui kama umewahi kungoja saa nne zisizo na la kufanya ndani yake. Niliosha vyombo vyote vya maabara. Vilipokwisha, niliviosha tena. Kila nikiinua kichwa naiona ile sheria juu ya sinki.

Mashine ilipomaliza Daktari alizisoma namba kwa sauti, mimi naandika. Mlinzi: thelathini na saba. Mimi: kumi na sita. Chiriku: saba.

Saba kwa kumi na sita unaweza ukajidanganya. Saba kwa thelathini na saba hata moja ya tano haifiki. Na alipoziangalia seli zenyewe kwa rangi zake, akaona zinazaliwa kama kawaida, zinaanza safari, kisha zinakwama katikati. Karibu zote ni changa. Taa ya mashine haikuwa na kosa lolote.

Jumatatu alimpima mkeo pia. Yeye ni kumi na saba, ingawa Daktari anasema mimba nayo hubadilisha hesabu kidogo. Kipimo cha vinasaba tumekipeleka, kitachukua wiki kadhaa, lakini amenieleza anavyoamini, na amenichorea kwenye karatasi ili nikueleze vizuri. Kuna maelekezo ya kukomaza seli hizi ambayo kila mtu huyapata mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Mwenye nakala moja mbovu anaishi zake na hajui, kama mimi nilivyoishi miaka thelathini na nane, na yaelekea kama wewe. Chiriku amepata mbovu kutoka pande zote mbili. Upande mmoja peke yake usingeweza kumfanya augue hivi. Kwa hiyo kwao ipo, na kwetu ipo. Ilikuwapo sebuleni siku ile unapiga simu, imekaa na karatasi mapajani.

Nilimwambia mkeo mimi mwenyewe, Ijumaa ile ile, kwenye benchi la nje ya wodi. Nilidhani atanipiga. Akasema polepole, "Kwa hiyo sikuwa natia chumvi." Akalisema tena, kama anayesoma kibao cha barabarani. Halafu akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, kwa nguvu, akasema, "Niandikie. Kwenye karatasi kama ile ile, na muhuri." Daktari aliiandika saa hiyo hiyo. Anayo ndani ya sidiria mpaka leo. Siku mbili hakunisemesha. Jumapili mtoto alipopunguziwa oksijeni alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akanipa. Nimeichukua kama nilivyopewa, sijaitafutia maana.

Kuhusu kazi, nimepewa barua ya onyo na nimeondolewa kwenye sindano. Sasa naosha vyombo na kulisha zile seli basi. Daktari amebadilisha utaratibu: K sasa ina jina kamili na sahihi ya mwenye mkono. Anasema kosa la pili lilikuwa lake, kwa kuacha herufi moja isimame badala ya mtu. Na alikasirika kweli, kama alivyoahidi, Jumatatu saa tatu mpaka saa tatu na nusu, mlango ukiwa umefungwa. Nilistahili.

Sasa linalokuhusu wewe, na ndilo lililonifanya niandike.

Dawa hizi zinamtoa kwenye tetekuwanga hii. Hazimtoi kwenye inayofuata. Kinachoweza kumponya ni kupandikiziwa uboho wa mtu mwingine, ili seli mpya zizaliwe na zifike mwisho wa safari. Ndugu wa tumbo moja hana. Mama yake ana mimba, haruhusiwi. Mimi nalingana naye kidogo mno, wamekwisha kunipima. Yupo baba, ambaye hulingana na mtoto wake nusu, na siku hizi wanajua kuitumia hiyo nusu. Nilimuuliza Daktari kama uboho wenye nakala moja mbovu utafaa kitu. Akasema, "Wewe una nakala moja mbovu na uliugua tetekuwanga utotoni?" Nikasema ndiyo, pamoja na kaka yangu, wiki moja. "Mkafanyaje?" Nikasema tulicheza. Akasema, "Basi."

Jopo la madaktari linakaa Ijumaa tarehe 20 Juni. Kama damu yako imeshapimwa, wanaweza kukupanga wewe na kumwekea chumba cha kujitenga mara tu mapafu yakipona. Kama haijapimwa, wataanza kutafuta mtu asiyemjua katika nchi za watu, miezi sita, pengine mwaka. Daktari hakunitisha. Alisema tu kwamba mwaka ni mrefu kwa mtoto mwenye saba.

Lori linafika kwenu Jumamosi na kugeuza Jumatatu alfajiri. Dereva amekuwekea nafasi kiti cha mbele. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Daktari kwa msimamizi wako, imepigwa muhuri, inaomba ruhusa ya dharura. Ukinyimwa, njoo hivyo hivyo. Njiani usikae karibu na mtu anayekohoa. Ukipata mafua sema, usifiche. Nakuomba hilo mimi ambaye sina haki ya kumwomba mtu asifiche.

Najua unavyoogopa sindano. Mtu mwenye mabega kama yako, anayeendesha greda ukingoni mwa genge, na darasa la pili ulimkimbia nesi wa chanjo ukapanda juu ya paa la choo, mwalimu akaja na ngazi. Ya kwanza ni ya damu tu. Ile ya uboho utalazwa usingizi, utaamka na kiuno kinauma kama umelimia greda bila kiti. Nilimwambia Chiriku kwamba Baba anaogopa. Alifikiri kidogo, akasema nikuandikie kwamba inauma mpaka ukihesabu nne. Kuanzia tano hakuna kitu. Amesema atakuhesabia yeye.

Na kitu kimoja zaidi. Kabla hujaniandikia mimi matusi, na nitayasoma yote, mwandikie mkeo maneno mawili, umpe dereva endapo utashindwa kuja. Ukija, mwambie kwa mdomo. Miaka sita amekuwa akisema kweli peke yake nyumbani.

Mimi sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Hilo lingoje. Nimekuwekea nakala ya ukurasa wa tarehe 29 Aprili na wa tarehe 4 Juni, ili usije ukaambiwa na mtu mwingine kwamba ilikuwa vingine.

Unajua siachi ukurasa mtupu. Hata siku ya msiba wa Baba niliandika mvua ilinyesha saa ngapi. Jumatano ijayo, tarehe 18, ndiyo siku lori linaporudi. Nimekwisha kuandika tarehe juu ya ukurasa ule, na chini yake sijagusa. Nitakuwa getini na mlinzi kuanzia saa nane mchana. Yeye amesema wewe hutaombwa kitambulisho.

Mama anakusalimu, anasema uje na nguo za kutosha. Anasema pia kwamba siku ile ya simu angepaswa kusema neno, na kwamba ameshamwambia mkwewe, yaani mkeo, hivyo uso kwa uso. Mlinzi anakusalimu. Daktari anakusalimu na anauliza uzito wako. Mkeo sikumuuliza kama anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akaleta shati lako la buluu amelipiga pasi, akasema liwepo utakapofika na vumbi. Chiriku anakusalimu mpaka nne.

Mungu akutunze barabarani, akufikishe ukiwa mzima wa kifua na mwepesi wa moyo.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata ukiwa umekasirika,

Karani